Uzee Usio na Unga

Juzi nilipita mbele ya mashine ya kusaga muhogo, pale ambapo unga hupeperuka mpaka barabarani na kutua kwenye nyusi za wapita njia. Nikasimama. Wengine wakivuta harufu ile yenye uchachu kidogo hufikiria chakula, ugali wa moto na samaki pembeni. Mimi humfikiria baba yangu akiwa mzee wa miaka themanini, wakati alikuwa bado hajafika arobaini.

Ninyi mliokua pamoja nami kule Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, hamhitaji maelezo. Kwa wengine, ngoja nieleze taratibu. Baba yangu, Asukulu, alikuwa mshona nyavu, na pia alikuwa mwigizaji. Nyavu zilitulisha. Maigizo yalifanya watu wamjue kuanzia Swima mpaka Fizi. Kundi lao lilikuwa na watu tisa, na lilicheza katika ukumbi wa parokia Jumapili mchana, baada ya misa. Waprotestanti walitoka kanisani kwao wakaja, Waislamu wa kando ya ziwa wakaja na watoto wao, na wote walibanana kwenye mabenchi yaleyale.

Katika kundi hilo baba hakuwahi kuwa mtu mkubwa. Mtu mkubwa alikuwa Wilondja, mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mwenye kifua na sauti ya kujaza ukumbi. Wilondja alikuwa chifu, bosi, bwana harusi. Baba alikuwa mzee. Kila mchezo ulikuwa na mzee wake, na kila mzee alikuwa baba.

Nilikuwa namsindikiza nyuma ya ukumbi kushika sabuni. Alichanganya masizi ya sufuria na mafuta ya mawese, akajichora mistari chini ya macho. Kisha alichota unga wa muhogo kwenye kikombe na kuupaka kichwani, kwenye masharubu, na kwenye nywele chache za kidevu. Mama alichukia kikombe hicho. Alisema kila Jumapili, akiwa na mwiko mkononi, kwamba kichwa cha mume wake kinakula kuliko watoto wake.

Mchezo ukiisha, baba alirudi nyuma ya ukumbi, akainama juu ya beseni, nami nikammwagia maji. Maji yaligeuka meupe, na kutoka kwenye weupe ule baba yangu alichomoza tena, kijana, akipangusa masikio. Mtoto anayeona jambo hilo kila wiki lazima alipatie maana. Maana yangu ilikuwa hii: uzee umo ndani ya unga, na maji ndiyo yanayoutoa.

Niliamini hivyo kabisa. Tulipokwenda Fizi kumsalimia bibi, mama yake baba, nilimwagia kichwani maji ya kibuyu ili arudi kuwa msichana. Alinitandika kofi, kisha akaniuliza ni kitu gani hicho. Nilipomweleza, alicheka mpaka akakaa chini, akasema anaoga tangu siku alipozaliwa na haijasaidia. Mimi nilijiambia moyoni kwamba huenda hajui kusugua.

Sasa niwaambie kuhusu Mzee Sombe, kwa maana bila yeye hakuna kisa hapa. Kulikuwa na mchezo mmoja ambao Baraka haikuuchoka. Kijana anakwenda mjini, anakuwa bosi, anasahau wazazi. Siku ya karamu yake kubwa anaingia mzee mmoja mwenye kuku kwapani. Wageni wanamcheka. Bosi, ambaye ni Wilondja katika koti la kuazima, hamtambui baba yake mzazi. Mzee anatazama sahani zote zilizokwisha kuliwa, anameza mate, anauliza kwa upole, "Sombe imebakia?"

Ni hilo tu, mboga ya majani ya muhogo, kitu cha bei ndogo kuliko vyote mezani. Ukumbi uliporomoka kwa kicheko kila mara. Mwishoni, bosi alipogundua alimfukuza nani, watu walewale walijifuta macho kwa kanga. Swali lile likatoka ukumbini likaenda mjini. Akina mama wa soko walilisema wakifunga meza zao. Wavuvi walilisema wakirudi na mitumbwi mitupu. Na baba akapoteza jina. Hakuna aliyemwita Asukulu tena. Alikuwa Mzee Sombe, hata kwa padri.

Nilichukia jina hilo kuliko kitu chochote. Shuleni nikifungua chakula changu, benchi zima lilinigeukia kuuliza kama sombe imebakia. Nilipigana na wasichana wawili na nikamshinda mmoja. Niliapa kwamba hilo jina halitatoka kinywani mwangu mpaka nife. Siku moja nikaenda mwaloni, mahali mitumbwi inapofika, nikamkuta baba chini ya turubai lake akishona nyavu, nikamuuliza kwa hasira kwa nini yeye hawi chifu hata mara moja.

Hakukasirika. Vidole vyake viliendelea kupitisha sindano ya mti kwenye matundu bila yeye kuviangalia. Macho yake yalikuwa kwenye miguu ya watu waliokuwa wakishuka kutoka mtumbwini. Hapo alikuwa katika kazi yake ya pili, ya uigizaji, nami sikujua.

"Wilondja iko chifu juu sisi tunamuogopa, mama," aliniambia. Mama ndivyo alivyoniita, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Nisipomuogopa muzuri, anabakia mwalimu mwenye kuvaa koti ya watu."

Halafu akanionyesha bibi kizee mmoja aliyekuwa akitembea mchangani, akaniambia nimtazame vizuri. Alisema watu wakitaka kuigiza uzee wanashika mgongo, na huo ni uongo. Mzee hashiki mgongo. "Anaangalia kwanza fasi mguu itaenda. Anauliza goti kama inakubali. Goti ikikubali, ndio anatembea." Nilitazama. Ilikuwa kweli. Bibi yule alikuwa akiomba ruhusa kila hatua. Lakini nilikuwa mtoto mwenye hasira, na somo lile nililiacha palepale mchangani.

Kisha vita vilitufikia. Unga ulianza kupungua kabla hatujasikia risasi, kwa sababu njia za mashambani zilifungwa. Mama akakificha kikombe. Baba akacheza Jumapili mbili bila kitu kichwani, na ya tatu ukumbi haukufunguliwa. Mimi, na ninaona aibu kidogo kuliandika, nilifurahi. Niliona kwamba bila unga hakuna mzee, na bila mzee baba angepewa kazi nyingine. Hivyo ndivyo vita nilivyoviona mimi mwanzoni.

Asubuhi moja milio ilitokea upande wa ziwa, na mji ukagawanyika sehemu mbili. Wenye mitumbwi walielekea majini. Sisi tulishika barabara inayopanda kwenda Fizi, kwa bibi. Mama alikuwa na mdogo wangu mgongoni na kikapu kichwani; ndani ya kikapu kulikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani ya kitambaa unga wetu wote uliobaki. Baba alibeba sufuria na mkeka. Mbele na nyuma yetu ilikuwa Baraka nzima kwa miguu: wauza soko, familia za kando ya ziwa, mwalimu Wilondja akiwa amembeba mama yake mgongoni.

Jua lilikuwa limepanda tulipokuta bariere. Gogo lilikuwa limelazwa juu ya mapipa mawili, na wenye bunduki walisimama pande zote mbili. Sitasema walikuwa wa upande gani; kwa umri wangu bunduki ilikuwa bunduki, na wale hawakuwa watu wa kwetu. Kando ya barabara kulikuwa na masanduku yamepangwa. Wanawake, watoto na wazee walipita. Mwanamume mwenye nguvu alivutwa pembeni ili abebe masanduku kwenda milimani, na habari zilikuwa zimekwisha kutufikia kwamba waliobeba wiki iliyopita hawajarudi.

Tulimwona Wilondja akifika kwenye gogo. Alisimama kama alivyosimama siku zote, kifua mbele. Hawakumuuliza hata jina. Walimwambia amweke mama yake chini, na yeye akamweka chini polepole, akaenda kwenye masanduku bila kugeuka.

Kati yetu na gogo kulikuwa na watu kama kumi na watano. Mama alishusha kikapu, akapiga magoti kama anayefunga vizuri kanga ya mtoto, na nikaona vidole vyake vinafungua lile fundo. Mama yangu, aliyegombania kikombe kimoja kwa miaka yote ile, alikuwa akitoa kila kitu. "Paka," alisema chini chini. "Paka yote."

Baba alifunga fundo tena. Baadaye nilielewa kwamba jasho lingeuyeyusha unga ule usoni mwake kabla hajafika kwenye gogo. Lakini alichosema ni kingine.

"Unga ni ya batoto. Buzee, mi niko nayo."

Alimpa mama sufuria, akanipa mimi mkeka. Akavua viatu. Akachukua kijiti kilichokuwa kando ya barabara, kifupi mno kwa kimo chake, ili kimlazimishe kuinama. Kisha akaniangalia, akaniambia kwa sauti yake ya kawaida kabisa, "Leo mi ni babu yako, mama. Ukiniita baba, watanichukua."

Na akaanza. Sikumwona akibadilika, niliona tu kwamba hayupo. Midomo iliingia ndani kana kwamba meno yameondoka. Macho yalishuka chini yakatafuta mahali pa mguu. Goti likaulizwa. Goti likafikiri. Goti likakubali. Nilianza kulia, na nataka mwelewe nililia kwa nini, maana baadaye mama aliwaambia watu kwamba niliigiza vizuri. Sikuigiza. Unga huoshwa kwa maji. Huu haukuwa unga. Baba yangu alikuwa amezeeka mbele yangu bila kujipaka kitu chochote, na sikujua tutamrudishaje.

Watu waliokuwa mbele yetu waligeuka, mmoja mmoja, wakamwona. Wote walimjua. Walikuwa wamemwona jana yake mwaloni akiwa kijana, akibishana bei ya uzi. Mama Furaha, muuza ndakala ambaye ukumbini alikuwa anacheka kwanza na kunyamaza mwisho, alisogeza beseni lake la samaki wadogo na kumpisha.

Askari kwenye gogo alikuwa kijana. Akamwuliza mzee anatoka wapi. Baba akasimama, akamtazama askari mdomoni kama wasiosikia vizuri wanavyofanya, akatazama nyuma ya askari, kwenye moto ambapo chungu chao kilikuwa kikichemka. Akameza mate.

"Sombe imebakia?"

Neno lile, kwenye ukumbi ule, lilikuwa likiangusha watu kutoka kwenye mabenchi. Mtoto wa Baraka akilisikia alicheka kabla ya kufikiri. Sasa lilisemwa mbele ya watu mia moja wa Baraka waliopangwa barabarani, na hakucheka hata mtoto mchanga. Nilisikia nzi kwenye beseni la Mama Furaha. Mpaka leo sijasikia ukumbi ulionyamaza vizuri kama barabara ile.

"Umusamehe, afande," Mama Furaha alisema, kama mtu aliyechoka na jirani. "Tangu asubuhi iko anauliza ile tu. Akili yake ilishaenda."

Askari akanigeukia. Akaniuliza huyu ni nani yangu, na jina lake nani. Jina Asukulu lilikuja mpaka kwenye ulimi, na neno baba nyuma yake. Nikayameza yote mawili. Nikatoa lile nililoapa kutolitoa.

"Ni babu yangu," nilisema. "Ni Mzee Sombe."

Na nyuma yangu mstari mzima ukaitikia, si kwa kelele, bali kama watu wanavyosema jambo linalojulikana. Mzee Sombe, sogea upite. Mzee Sombe, angalia jiwe. Mushike mukono, we mutoto, asianguke.

Askari alichukua kipande cha muhogo wa kuchemsha kutoka kwenye jani. "Sombe hakuna," alisema, na sauti yake haikuwa mbaya. "Kamata hii." Baba alipokea kwa mikono miwili inayotetemeka, akatafuna upande mmoja tu, upande ambao mzee yule alikuwa na meno. Tukapita.

Nilidhani atarudi kuwa kijana kwenye kona ya kwanza. Hakurudi. Barabara ile inaonekana kutoka mbali, na kulikuwa na minong'ono ya bariere nyingine mbele. Kona ya pili, ya tatu, goti bado linaulizwa. Kila nilipomtazama nilimwona mzee, na nilizidi kuamini kwamba ndiyo imekwisha.

Tulipofika kwenye kijito, watu waliinama kunywa. Mimi nilichota maji kwa viganja nikamwagia kichwani. Yalipita kwenye nywele nyeusi yakatoka safi, bila weupe wowote, na hilo likanitisha zaidi. Nikachota tena. Nikasugua kama nilivyotamani bibi asugue.

"Unafanya nini, mama?"

"Natoa," nilisema.

Alinielewa. Angeweza kunicheka, mama alikuwa tayari amegeuza uso kuficha kicheko. Lakini alipiga magoti kwenye mawe ya kijito, akainamisha kichwa kama juu ya beseni la parokia, akaniacha nisugue mara tatu. Halafu akaanza kurudi, polepole, ili nione vizuri. Goti kwanza. Kisha mgongo, kisha mabega. Macho yalikuja mwisho. Aliniuliza, "Imetoka?" Nikamkagua masikio yote mawili, nikamwambia imetoka. Akafungua ngumi yake ya kushoto. Nusu ya muhogo wa askari ilikuwa humo, imebonyea. Aliigawa kati yangu na mdogo wangu.

Tulikaa kwa bibi muda mrefu. Mama yake Wilondja, ambaye wanawake walimbeba kwa zamu kutoka kwenye gogo, tulimchukua, akalala chumba kimoja na bibi, na kila siku aliketi akielekea barabarani. Baada ya miezi kadhaa mtu mwembamba, bega moja limeshuka, alisimama uani kwetu. Wanawake walikuwa wakitwanga. Alitutazama wote, akameza mate, akauliza kwa sauti iliyokwaruzika, "Sombe imebakia?" Ndipo kilipotoka, kicheko chote kilichomezwa barabarani siku ile. Majirani walikuja kuuliza kuna nini. Mama yake alicheka akiwa amemshika mguu, hataki kuuachia.

Wilondja hakucheza tena chifu. Bega lilikataa. Alimwomba baba amfundishe goti, na amani iliporudi kidogo walikuwa wazee wawili jukwaani, na watu walikuja mara mbili zaidi.

Hadithi ya baba baada ya hapo inajulikana kwetu. Watu wa filamu walikuja kutoka Bukavu wakitafuta babu wa kushuka mtumbwini. Walileta kopo la poda nyeupe. Baba aliwaomba kwanza watazame bila poda, akatembea kutoka majini mpaka kwenye ukuta, na yule mkubwa wao akamwuliza mama ana miaka mingapi mzee huyu. Poda ilirudi Bukavu haijafunguliwa. Akawa mlinzi wa lango, mganga, mchungaji asiyeona, na mara moja maiti, nayo watu walisema alikufa vizuri. Alipanda majukwaa ya Bukavu na Bujumbura. Hakuwa mtu mkubwa wa mchezo hata mara moja, wala picha yake haikubandikwa ukutani. Lakini waigizaji wakubwa walimtaka pembeni yao, na mimi nilijua kwa nini. Aliwaogopa vizuri.

Filamu ya kwanza ilioneshwa Baraka katika ukumbi uleule, Jumapili mchana, vitenge vimefunika madirisha. Nilikuwa msichana mkubwa. Mtumbwi ulitokea kwenye kitambaa cha kuonyeshea picha, mzee akashusha mguu, na kabla ya ukumbi kupumua nilikuwa nimesimama juu ya benchi, mimi wa kwanza, nikiliita jina lile kwa nguvu zote. Mzee Sombe. Ukumbi ukafuata. Baba alikuwa ameketi karibu yangu. Hakutazama watu. Alinivuta kitenge nishuke, akanong'ona, "Umeona goti?"

Sasa amelala Fizi, karibu na mama yake. Katika mwaka wake wa mwisho nilikuwa namuogesha kichwa mchana, uani, jua likiwa kali. Nywele zilikuwa nyeupe zote, na goti alikuwa analiuliza kwa dhati. Siku moja, maji yakimtiririka masikioni, aliinua uso kidogo.

"Sugua muzuri, mama," alisema. "Labda leo itatoka."

Nikachota tena. Nikasugua mara tatu.